Ncha ya waya iende wapi? Majibu kwa wanaoanza kufunga shanga na mawe kwa waya

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu waya: kuukunja, kuuzungusha, kuufanya ushike ushanga au jiwe bila gundi na bila kulehemu. Nimechagua saba. Mliouliza kuhusu kuyeyusha fedha mnisubiri kidogo, maana kazi ya leo haihitaji moto ila mahali pamoja tu.

Shikamoo fundi. Video zinasema ninunue waya wa geji 20. Nimekwenda duka la vifaa vya umeme, muuzaji hajui geji ni nini. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Marahaba, binti yangu. Muuzaji hana kosa. Geji ni namba inayokwenda kinyume: inavyozidi kuwa kubwa, waya unazidi kuwa mwembamba. Isitoshe, zipo geji za aina mbili. Geji 20 ya Kimarekani ni milimita 0.81, na ile ya Kiingereza ya zamani ni milimita 0.91. Kwa hiyo achana na geji, dukani taja milimita. Unene wa aina tatu unakutosha mwaka mzima: 0.8 kwa vitanzi na kulabu za hereni, 1.0 kwa fremu ya kidani, na 0.4 kwa kuzungushia.

Shaba ndiyo ya kujifunzia, kwa kuwa ni laini na mabaki yake hayakosekani kwa fundi umeme. Ila ujue kwamba ule waya wa nyumba unaoitwa 1.5 hauna unene wa milimita 1.5. Namba hiyo ni eneo la uso wake ukikatwa, na unene wake hasa ni kama milimita 1.4. Utakuumiza vidole ukiutumia kwa vitanzi, lakini kwa bangili ni mzuri sana. Waya mwembamba utaupata kwa fundi anayesuka mota. Huo umepakwa vanishi juu. Ukitaka shaba tupu, ikwangue vanishi kwa msasa laini, usiichome jikoni, moshi wake si wa kuvuta. Mimi mara nyingi huiacha, kwani inaikinga shaba isibadilike rangi. Kwanza kwangua ncha kwa kisu uone ndani: ukikuta weupe, hiyo ni alumini.

Jambo jingine, na nalisema kwa uzito: nunua, au omba mabaki. Asiyeweza kukuambia ameitoa wapi shaba yake, usiichukue hata akikupa bure. Nyaya za nguzoni zikikatwa, kuna zahanati inayolala gizani.

Waya wa kufungia nondo unafaa? Ni laini na bei yake ndogo. (Kijana, Dodoma)

Kwa mazoezi ya mkono, ndiyo. Kwa kitu cha kuvaliwa, hapana. Ule ni chuma, jasho litauletea kutu na blauzi ya mteja itapata madoa yasiyotoka. Na wenye mng'ao wa zinki usiupitishe kwenye moto kamwe, mvuke wake unamfanya mtu augue.

Vitanzi vyangu havilingani hata viwili, na vingine hufunguka shanga zikamwagika. Nikosoe tafadhali. (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Mama, hapa nitakaa kidogo, maana ukikiweza kitanzi umeiweza nusu ya kazi yote.

Kitanzi cha kukunja tu kinashikwa na ugumu wa waya peke yake. Mtoto aliyebebwa akivuta mkufu wa mama yake, kinafunguka. Unachohitaji ni kitanzi cha kufungwa shingo. Pitisha waya wa 0.8 kwenye ushanga, uache sentimita 4 au 5 zikitokeza juu. Shika waya kwa koleo palepale juu ya ushanga, kisha ulaze mkia juu ya koleo mpaka ufanye pembe mraba. Nafasi iliyochukuliwa na mdomo wa koleo, milimita 2 hivi, ndiyo shingo. Wengi huharibu hapa: wanakunja waya ukiwa umegusa ushanga, halafu wanakosa pa kuzungushia, wanalazimisha, na ushanga wa kioo unapasuka.

Sasa chukua koleo yenye ncha za mviringo. Bana kwenye kona ya mkunjo, uvute mkia upite juu ya ncha ya juu na kushuka upande wa pili. Utafika mahali ncha ya chini ya koleo inauzuia. Chomoa koleo, ingiza ncha ile ya chini ndani ya kitanzi, umalizie duara mpaka mkia uvuke shingo. Kama kuna mkufu au kulabu ya kuunganisha, tia sasa hivi, kwa sababu ukishafunga hapaingii kitu tena. Kisha shika kitanzi kwa koleo bapa na uzungushe mkia kwenye shingo mara mbili au tatu ukiteremka kuelekea ushanga, kila mzunguko ukilala bega kwa bega na mwenzake bila kupandana. Kata kilichobaki.

Kuhusu kutolingana, angalia mdomo wa koleo yako. Ni mwembamba mbele na mnene nyuma, kwa hiyo kila ukibana mahali tofauti unapata duara la ukubwa tofauti. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, ubane hapo kila mara. Nimeona watu wakilaumu mikono yao miezi mingi kwa kosa linaloponywa na mstari mmoja.

Waya unanikatikia nikiurekebisha. Ni feki? (Fundi cherehani anayejifunza, Mwanza)

Si feki. Shaba ikikunjwa na kunyooshwa inazidi kuwa ngumu kila mara, mpaka inachoka na kukatika. Mkunjo ukikosea mara mbili, kata uanze na waya mwingine.

Waya ulioanza kukakamaa unaweza kulainishwa, na hapa ndipo pale pa moto nilipopasema. Uwe mtupu, bila plastiki wala vanishi. Ushike kwa koleo juu ya jiko la gesi penye giza kidogo, na ukianza kuonyesha wekundu hafifu, uondoe uuzamishe majini. Chuma kigumu cha kutengenezea visu kikifanyiwa hivyo hukakamaa, shaba hubaki laini. Utatoka mweusi, na ndimu na chumvi zitauondoa weusi huo. Alumini usiijaribu: inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kukuonyesha wekundu wowote.

Kazi ikishakamilika, ugumu ndio unaoutaka. Kwa hiyo fremu yenyewe igonge polepole kwa nyundo ya mti juu ya chuma bapa, ila usigonge pale nyaya zinapopishana, zitakatana.

Nimeletewa jiwe la kijani lenye mabaka mekundu kutoka Longido. Halina tundu. Nilifungeje? (Msomaji, Arusha)

Umepata jiwe zuri. Kijani hicho ni zoisaiti, wekundu ni rubi yenyewe, na mistari myeusi ni madini mengine tena. Tanzanaiti ya Mirerani nayo ni zoisaiti, na zote zina tabia ya kupasuka zikibanwa vibaya. Kwa hiyo koleo isiguse jiwe. Waya uguse, kidole kiguse, koleo ibaki kwenye waya.

Zungusha uzi kwenye kingo za jiwe upate mzingo wake, ongeza sentimita 15, ukate nyaya tatu za 0.8 za urefu huo. Zilaze sambamba, uzifunge pamoja kwa waya wa 0.4 katikati na pande mbili, mizunguko mitano au sita kila mahali. Utapata utepe. Weka katikati yake chini ya jiwe, upandishe pande zote mbili zikutane juu, ufunge shingo hapo kwa waya mwembamba. Sasa, kati ya fungo na fungo, sukuma waya wa mbele kwa ukucha uegemee uso wa jiwe, na wa nyuma uegemee mgongo. Jiwe litakuwa limekumbatiwa pande zote. Ncha zilizobaki juu, zungusha mbili kwenye penseli upate kitanzi cha kupitishia mkufu, nyingine zifiche shingoni. Likicheza ndani, usikaze shingo zaidi, rudi usukume ule waya wa mbele.

Babu yangu anasema mapambo ya waya ni mambo ya kuiga Wazungu. Nimjibu nini? (Msomaji, Tabora)

Mwambie kwa heshima kwamba waya wa shaba ulipita Tabora zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba waya huo pamoja na shanga na nguo, na watu wa bara waliuvaa mikononi kama vitindi, bangili ndefu za waya uliozungushwa. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ameandika habari za vitindi hivyo. Muulize babu kama aliwahi kuviona kwa bibi yake, kisha utuandikie alichokisema.

Shaba inaacha kijani shingoni, na mteja mmoja amelalamika kwamba hereni zangu zinanyofoa nyuzi za shela lake. (Muuzaji wa vito, Muscat)

Kijani hicho ni chumvi za shaba zinazotokana na jasho, hutoka kwa sabuni na maji. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande unaogusa ngozi, urudie ikichakaa. Shaba iliyofifia isugue kwa ukwaju na chumvi kama sinia za bibi zetu, lakini kama umefunga lulu au magamba ya bahari usithubutu, kwani asidi inayala. Kulabu zinazoingia sikioni usizifanye za shaba. Tumia fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), na ujiepushe na nikeli kwa sababu inawasha watu wengi.

Kuhusu shela, mteja wako ana haki. Kikata waya kina upande bapa na upande wenye bonde. Upande bapa uelekee kazi yako, vinginevyo unaacha mwiba. Kisha kandamiza ncha kwa koleo ilale shingoni, upande wa ushanga na si upande wa mwili, ulainishe kwa tupa ndogo. Ncha ya kulabu ya hereni izungushe kwenye tupa mpaka iwe ya duara. Halafu chukua kipande cha shifoni, ukipitishe juu ya hereni nzima, mbele na nyuma, ukikivuta taratibu. Kikinasa hata uzi mmoja, hereni hiyo haijawa tayari kuuzwa.