Ukuta wa chaki mtaani: ruhusa, rangi, swali na mlezi

Kijana mmoja ameniandikia wiki hii. Anataka kuweka ukuta wa chaki karibu na stendi ya daladala, wapita njia waandike. Ameuliza jambo moja tu: anunue rangi gani? Rangi nitaifikia. Kwanza ruhusa, maana hapo ndipo kazi nyingi za namna hii hufia.

Ukuta uliotia watu wengi hamasa ni ule wa msanii Candy Chang huko New Orleans, Marekani, Februari 2011. Alipaka rangi ya ubao wa kuandikia ubavuni mwa nyumba iliyotelekezwa mtaa wa Marigny, akachapa mara nyingi sentensi yenye pengo, "Kabla sijafa nataka…", akaacha chaki. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa, na tangu hapo umeigwa katika nchi zaidi ya 70. Inaniuma kuona wanaoiga wakidhani lilikuwa jambo la usiku mmoja. Alianza na ridhaa ya mwenye nyumba, majirani, chama cha wakazi, tume ya majengo ya kihistoria, baraza la sanaa na tume ya mipango miji. Kwetu Tanzania anza na mwenye ukuta, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha halmashauri. Upate barua yenye mhuri. Ridhaa ya mdomo huisha siku mtu akiandika tusi.

Sasa rangi. Chukua ukuta wa mita 6 kwa 2.4, yaani mita za mraba 14.4. Lita moja hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili inakula lita 3. Nunua kopo la lita 4, inayobaki ni ya kurudishia. Ukikosa rangi ya ubao, changanya kikombe kimoja cha rangi ya maji isiyong'aa na vijiko viwili vya chakula vya grauti ya vigae (unga wa kuzibia nafasi kati ya vigae) isiyo na mchanga. Changanya kidogo kidogo, kwani huganda ndani ya kopo. Grauti ndiyo inayoupa ukuta ukwaru wa kushika chaki. Kwenye rangi ya mafuta inayong'aa chaki huteleza tu. Plasta mpya iache siku 28 kabla ya kuigusa, la sivyo unyevu utaibandua rangi.

Baada ya mkono wa pili subiri siku 3. Kisha laza chaki kwa ubavu, sugua ukuta wote, futa kwa kitambaa kikavu. Watu huiruka hatua hii, halafu wanashangaa maneno ya siku ya kwanza hayafutiki: vumbi la chaki limeshajaa kwenye vitundu vya rangi mpya.

Mji Mkongwe, Zanzibar, usipake kabisa. Kuta za mawe na chokaa hupumua, na rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani mpaka lipu ikadondoka. Tumia plaiwudi za futi 8 kwa 4 kwenye fremu inayosimama yenyewe, ukipaka pande zote mbili na kingo pia. Maji huanzia kwenye kingo.

Kwa herufi za sentensi yako yenye pengo, kata matundu yake kwenye filamu ya zamani ya eksirei, hukatika vizuri kwa wembe, kisha ibandike ukutani. Gonga rangi kwa sponji iliyokaribia kukauka, maana ikilowa rangi hupenya chini ya filamu. Mstari wa kwanza uwe sentimita 60 kutoka chini, kila mstari upandie sentimita 12. Mistari 11 inatosha, na ya chini ni ya watoto na wanaotumia viti vya magurudumu.

Swali, yaani hiyo sentensi yenye pengo, ndilo linalokutanisha watu, na hapa nina msimamo. "Mtaa huu unahitaji…" hugeuka orodha ya malalamiko kwa diwani. "Utotoni nilicheza…" humfanya mzee aandike rede au kombolela, na mtoto aliye pembeni lazima aulize inachezwaje. Chagua swali ambalo jibu lake linazaa swali kwa mwingine.

Chaki usiweke boksi zima, litaondoka. Weka vipande 10 asubuhi na 10 jioni, kwenye bomba la PVC lililopasuliwa na kutobolewa chini ili mvua isiigeuze uji.

Na lazima awepo mlezi wa kila siku, mama lishe au fundi viatu wa pale pale, alipwe. Matusi na namba za simu afute mara moja. Kalamu ya wino haifutiki, afunike kwa rangi ile iliyobaki. Ukuta ukijaa upigwe picha, ufutwe kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo kibichi. Ukianza na maji unapaka tope jeupe.

Msimu ukiisha, zile plaiwudi zipeleke shule ya jirani. Bado ni mbao za kufundishia.