Ukuta wa parseli (kiwanja) ulinivunja mguu, mwenyewe anasema ni mvua

SWALI: Ndugu mwandishi, mi nauza vitumbua hapa Katuba, Lubumbashi. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi niko napanga meza, ukuta wa parseli moja ukaniangukia, mguu ukavunjika. Ule ukuta ulikuwa na ufa na bantu wa avenu walishamwambia mwenyewe. Alilipa platre ya mguu tu, sasa ananiletea karatasi nisinye ati tumemalizana, juu mvua ni kazi ya Mungu. Niko na haki gani? (Mama wa Katuba)

JIBU: Pole sana Mama, na ile karatasi tafazali usiisinye. Ukiandika kama mumemalizana, kesho mguu ukikataa kupona vizuri, ku tribinali watakuonyesha sinyatire yako tu basi.

Sheria iko upande wako. Kode sivile yetu, ile ya 30/7/1888 yenye inatumika mupaka leo, kifungu cha 262 kinasema mwenye jengo ndiye anajibu likianguka juu hakulitunza ao lilijengwa vibaya. Kwa hiyo hata kama mule munakaa mupangaji, unamuuliza mwenye parseli. Na mvua? Lubumbashi inanyesha kila mwaka, mwezi wa 11 mupaka wa 3, hakuna mutu anashangaa, na yeye walishamuonyesha ufa kwa macho! Ule ni uzembe, na uzembe nao uko mu kifungu cha 259.

Lakini jaji anataka kuona. Tuma mutoto leo leo apige picha matofali mbele hawajayaondoa, hasa pale simenti inabomoka mukononi kama muchanga, andika majina ya bale walimwambia mwenyewe, halafu ku lopitali omba sertifika medikale yenye inasema ni mufupa gani, siku ngapi hutaweza kutumika kazi, na kama kilema kitabaki. Bantu wengi wanahesabu dawa tu, inaniuma sana. Hesabu na taksi za kwenda lopitali, siku zote hukuuza (ile kaye unaandikaka unga na mafuta ni ushahidi, iweke vizuri), na maumivu yenyewe, hata ayo inalipwa.

Anza na barua ya avoka (wakili). Akikataa, peleka plente (mashitaka) ku polisi ao ku parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) kwa kuumiza mutu bila kukusudia, halafu unajiweka parti sivile, ni kusema unaomba malipo yako ndani ya kesi ile ile, jaji mumoja anakata yote mbili, kosa na malipo. Feza ya avoka ikikosa, uliza ku baro (chama cha ma-avoka), wako na konsiltasyo ya bure kwa wasio na uwezo.

Na akirudi na feza, pokea, Mama, matunzo haingoje. Ila karatasi iseme ni avansi ya matunzo, na tarehe na kiasi, na yeye mwenyewe asinye, wewe ubaki na kopi.