Kabla hujasema bodi imekufa

Wewe unayeanza ufundi wa kompyuta hapa Lamu, uliyofunzwa chuoni yashike, ila jua waliokufunza hawakuishi na hewa hii. Huku chumvi haingoji laptopu ianguke majini. Huja na upepo, ikaingia kwa matundu ya feni, ikatua juu ya bodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na kuvuta unyevu wa usiku mpaka ikalowa. Chumvi iliyolowa hupitisha umeme pasipotakiwa, na shaba huanza kuota kutu ya kijani. Mashine iliyofanya kazi jana, leo haiwaki.

Basi ukiletewa mashine usikimbilie kutaja kifaa cha kununua. Kifaa chenyewe mara nyingi hutoka Mombasa, kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, na kila hatua anailipa mteja. Fungua kwanza, utazame na unuse. Kilichoungua kina harufu yake.

Miaka yangu ya mwanzo mama mmoja wa Langoni aliniletea laptopu ya mwanawe. Ukibonyeza, taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi. Nikamwambia bodi imekufa. Akakopa, akamnunulia kijana nyingine. Ile mbovu akaniachia, nikaiweka rafuni. Miezi baadaye niliifungua nikitafuta skurubu, nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu. Meno yake, ambayo hung'aa kama dhahabu, yalikuwa yamefifia na kufanya madoa. Nikayasugua polepole kwa raba ya penseli, nikafuta kwa spiriti, nikaipachika tena hadi ikalia "tik" pande zote mbili. Ikawaka. Nilimpelekea mama mashine yake nyumbani bila kumtoza hata shilingi, lakini deni alikuwa nalo tayari, na uso wake siku ile sijausahau.

Tangu hapo nina utaratibu nisioukiuka. Kwanza naitoa betri, na betri iliyovimba siibonyezi wala siitoboi, maana hulipuka moto. Pili napima chaja kwa mita: kama imeandikwa volti 19, nataka kuona 19 au karibu yake. Ukiona tarehe ya kompyuta inarudi nyuma kila ikizimwa, pima kile kibetri cha duara, CR2032. Kipya huwa na volti 3 au zaidi kidogo, na bei yake ni ndogo. Ndipo nasafisha RAM na soketi ya chaja. Bodi naishuku mwisho kabisa.

Spiriti nayo ichague. Ile ya duka la dawa aghalabu ni asilimia 70, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Tafuta ya asilimia 90 kwenda juu, uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Kupuliza vumbi kwa mdomo ni kutia mate ndani. Tumia brashi laini, na feni uishike kwa kidole isizunguke.

Vumbi lenyewe, kwenye nyumba zetu za mawe, sana ni chokaa inayopukutika ukutani na darini. Nimetoa feni zilizojaa unga mweupe kama za kinu. Ndiyo maana mteja namuuliza kompyuta anaiweka wapi. Akisema dirishani, panapovuma Kusi, namwomba aihamishe ndani, mbali na ukuta unaomeguka. Usiku, ikishapoa, aifunike kwa leso. Mfuko wa plastiki siupendi hata kidogo, unafungia unyevu ndani. Stima ikikatika, achomoe kwenye soketi, asubiri irudi na kutulia, kwa kuwa inaporudi mara nyingine huja na kishindo.

Iliyoanguka baharini ni jambo jingine. Watu huitia kwenye mchele na kungoja siku tatu, na siku hizo tatu ndizo chumvi inazoila bodi. Mwambie mwenyewe asiiwashe kujaribu wala kuichaji, aje nayo mbio. Wewe toa betri, vua bodi, isuuze kwa maji yaliyokenekwa (distilled water), yale ya kuongezea betri za gari, kisha spiriti na brashi, hasa chini ya vile vifuniko vya bati. Kabla hujaanza mwambie wazi kwamba huenda isipone, na kama kuna picha au hesabu za duka ndani yake, shughulikia diski kwanza.