Mkanda wa Taimingi Ukikatika, Usiendelee Kupiga Staata

Prado yangu yenye injini ya dizeli ya 1KZ ilizima ghafla nikipanda mlima Kitonga, bila moshi wala mlio wa kutisha. Usukani ukawa mzito na breki zikaanza kukakamaa, kwa hiyo nililiegesha gari pembeni kabla halijaanza kurudi nyuma, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Hadi hapo sijilaumu. Lakini nilipiga staata mara nne au tano, na kila mara injini ilizunguka kwa wepesi ambao sikuwahi kuusikia.

Wepesi huo ndio dalili kubwa kwamba mkanda wa taimingi umekatika. Mkanda huo ndio huzungusha kamshafti, yaani shafti inayofungua na kufunga valvu (vilango vya hewa vya injini); ukikatika kamshafti husimama, valvu nyingine hubaki wazi, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda hupotea. Bila mgandamizo huo, injini ya dizeli haitoi hata dalili ya kuwaka. Huenda madhara yameshatokea kabla hujashika ufunguo, lakini kila unapopiga staata unazipa pistoni nafasi nyingine ya kuzigonga valvu. Mwenye RAV4 ya zamani yenye injini ya petroli ya 3S-FE ana bahati, kwa kuwa pistoni zake hazizifikii valvu. Mimi ilibidi silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ishushwe, na valvu kadhaa zilikuwa zimepinda.

Kilichoniuma zaidi ni taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda. Katika Prado hizi zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwaka kila baada ya kilomita 100,000, na unapofungua ufunguo inapaswa kuonekana kabla injini haijawaka. Yangu haikuwahi kuonekana, nami nikadhani ndiyo salama, kumbe aliyeniuzia au aliyemtangulia alikuwa ameitoa balbu! Ukinunua gari lililotumika, usiziamini kilomita za dashibodi. Badilisha mkanda, isipokuwa kama una uthibitisho wa lini ulibadilishwa.

Usikubali kuuziwa mkanda peke yake. Beringi za kuukaza na sili za oili zibadilishwe pamoja nao, kwani sili inayovuja huulowesha mpira na kuuharibu mapema, jambo ambalo fundi aliliona kwangu. Kabla ya kuwasha, mwombe fundi aizungushe injini kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha akague mbele yako kama alama za taimingi, zinazoonyesha kamshafti na injini zinakwenda sambamba, zimelingana. Mimi niliandika kilomita na tarehe kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko cha mkanda, ili hata atakayelinunua gari hili asiitegemee ile taa.