Mbwa mdogo mgeni kwa wenyeji wawili
Kwa uliyeuliza namna ya kumleta mbwa mdogo kwenye nyumba yenye mbwa wakubwa wawili: usiwakutanishe ndani. Watoe nje, mahali ambapo hakuna anayepahesabu kuwa kwake, kila mbwa na mtu wake, kamba ikiwa imelegea. Kamba ikivutwa mbwa huhisi amebanwa, hasira hupanda. Anza na mwenyeji aliye mpole zaidi. Watembee sambamba kwanza, wanusane kwa sekunde chache, kisha uwaite. Mwili ukikakamaa na macho yakimkodolea mwenzake, watenganishe bila kelele. Akinguruma usimkaripie, anatoa onyo. Nyumbani ondoa mifupa, walishe vyumba tofauti. Na tafadhali usiwaache peke yao mapema: mkubwa anaweza kumuumiza mdogo hata kwa kucheza tu.