Fundi Anajibu: Jiwe dogo, bampa limekatika

SWALI: Shikamoo fundi. Nabeba viazi kwa lori, Makambako hadi Mbeya. Mwezi uliopita nilikuwa spidi 80 karibu na Chimala, lori la mbele likarusha jiwe, likapiga bampa langu la faiba. Palibaki kidoa cheupe tu, kama sarafu, nikapaka rangi. Wiki mbili baadaye, nikipita tuta, bampa likakatika palepale. Hivi faiba si imara kuliko bati? – Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kidoa kile ndicho kilichokuwa kidonda chenyewe, na rangi ukakifunika.

Bati likipigwa hubonyea, ukaona kila kitu. Faiba haijui kubonyea. Nyuzi za kioo zilizomo ndani yake hunyumbuka kidogo sana, zikizidiwa hukatika, na resini, ile gundi inayozishika, hupasuka mapema kuliko nyuzi. Jiwe likigonga mbele, bampa linapinda kwenda ndani, kwa hiyo upande wa nyuma ndio unaovutwa, na mpasuko unaanzia huko usikokuona. Kutoka hapo unatambaa kati ya tabaka na tabaka, maana pale katikati hakuna uzi unaozifunga, ni resini peke yake.

Nilifanya jambo hapa karakana kwangu Mwanjelwa ili nikujibu vizuri. Nilichukua kipande cha bampa la zamani, nikaachia nyundo ya kilo 1 kutoka mita 1 na robo. Mbele pakatokea weupe wa ukubwa wa kidole gumba. Nikakata kwa msumeno katikati ya weupe, nikachomeka ncha ya kisu ukingoni: matabaka yakafunguka kama gome la mkaratusi, eneo pana kama kiganja changu.

Sasa piga hesabu. Jiwe la gramu 50, ukilifuata kwa spidi 80, lina nguvu karibu sawasawa na nyundo ile, kama jouli 12 kwa kipimo cha nishati. Ukienda 100 badala ya 50, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na tofauti nyingine ni muda. Nyundo inashuka polepole, kipande kizima kinapinda na kugawana mzigo. Jiwe linapiga ghafla, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo bampa lote linavyokosa muda wa kusaidia. Sehemu ile ndogo inabeba peke yake. Risasi ndiyo mwisho wa mambo hayo: inatoboa kabla ubao haujaanza kupinda.

Kila nyuzi ina tabia yake. Za kioo zikivutwa kwa kasi kubwa huwa imara zaidi kidogo. Za kaboni karibu hazibadiliki. Resini ndiyo inayokuwa kavu na kuvunjika upesi. Kwa risasi watu hutumia Kevlar, nyuzi aliyoigundua Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1965.

Bampa jipya likipigwa, usishike brashi kwanza. Chukua sarafu, gonga kuanzia mbali ukikaribia kidoa. Mlio mkali, pazima. Mlio mzito kama wa kadibodi, matabaka yameachana. Weka alama kwa chaki mpaka mlio mkali urudi, ndiyo mipaka ya kazi. Fungua bampa, saga kwa nyuma, na kwa unene wa milimita 3 teremsha ukingo sentimita 4 kila upande ndipo upange mati mpya, yaani mkeka wa nyuzi za kioo. Vaa barakoa, vumbi la kioo ni baya sana kifuani. Na asubuhi za baridi za huko Makambako usimimine hadina nyingi, ile dawa ya kukausha resini, ili ikauke haraka, subiri jua.

Una kijana wa bodaboda nyumbani? Helmeti yake ikishapigwa kwa nguvu barabarani, hata kama gamba la faiba linang'aa, asiivae tena. Foamu ya ndani ikibonyea hairudi, na gamba lenyewe huenda limeachana kama kipande changu. Hiyo simrekebishii mtu, hata aje na pesa mkononi. Bampa lako lilete, nitalitazama.