Mitihani ya masomo kwa waombaji wa vyuo vya Marekani: nichague ipi?

SWALI

Shikamoo, mshauri. Nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari, nami nimekusudia kuomba vyuo vikuu vya Marekani ili nikasomee uhandisi wa umeme. Kitabu cha mwongozo alichoniachia dada yangu kinaniagiza nifanye mitihani miwili au mitatu ya SAT ya masomo maalumu. Nasita baina ya hisabati ya ngazi ya pili, fizikia, kemia na Kifaransa, lugha tunayoizungumza nyumbani na ambayo naamini nitaifaulu bila kuhangaika. Je, nichague ipi, na je, kufanya mingi kunaongeza nafasi ya kukubaliwa?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kitabu hicho kiweke kando, kwa sababu mitihani kinayoieleza haipo tena. College Board, bodi iliyokuwa ikiitunga, ilitangaza kuifuta Januari 2021: ndani ya Marekani ilikoma papo hapo, na watahiniwa wa nchi nyingine walipewa fursa ya mwisho Mei na Juni mwaka huohuo. Hata MIT, chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia, iliyokuwa ikimtaka kila mwombaji alete mtihani mmoja wa hisabati na mmoja wa sayansi, ilikuwa imeshaacha kuidai tangu 2020. SAT yenyewe, ile ya jumla inayopima kusoma na hisabati, ingalipo, na chuo hicho kilirudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwingine wa jumla unaofanana nayo, mwaka 2022. Usije ukadhani nayo imefutwa.

Inayoweza kuonyesha leo uwezo wako katika somo mojamoja ni mitihani ya AP (Advanced Placement), yaani ya masomo ya kiwango cha mwanzo wa chuo, ambayo hutungwa na bodi hiyohiyo, hufanywa kila Mei na hutolewa alama kuanzia 1 hadi 5. Ikiwa shule yako inafuata A-level, mtaala wa Uingereza, au IB, mtaala wa kimataifa, sioni haja ya kuiongeza, kwa kuwa maofisa wa udahili humpima mwombaji kwa mtaala ambao shule yake inautoa. Yanayofuata nayaandika nikidhani kwamba hufuati mtaala wowote kati ya hiyo miwili.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kalenda. Maombi ya masomo yanayoanza Agosti au Septemba hufungwa Novemba ya mwaka uliotangulia kwa wanaoomba mapema, na mwanzoni mwa Januari katika vyuo vingi kwa waliobaki, ilhali matokeo ya AP hutoka Julai. Maana yake ni kwamba mtihani utakaoufanya katika Mei ya mwisho kabla ya kwenda chuoni hautaonwa na anayeamua kukukubali. Faida yake itakuja baadaye, chuo kikiamua kukusamehe kozi ya mwanzo, kama MIT inavyofanya kwa mwenye alama 5 ya Kalkulasi BC, mtihani wa AP wa hisabati. Kwa hiyo chagua masomo ambayo utakuwa umeyamaliza ifikapo Mei iliyo kabla ya kutuma maombi, hata kama si yale unayoyapenda zaidi.

Kwa mhandisi wa umeme, hisabati haina mjadala. Kalkulasi BC inabeba mada zote za Kalkulasi AB, mtihani wenzake ulio mwepesi zaidi, na kuongeza nyingine, na matokeo yake huonyesha pia alama ya sehemu ya AB, kwa hiyo atakayeteleza katika mada za juu bado ataonekana ameimudu misingi. Fizikia ndiyo inayotaka uangalifu. Mitihani miwili ya Fizikia C, wa mekanika na wa umeme na sumaku, ndiyo inayolingana na fani yako, lakini inatumia kalkulasi, na anayeianza kalkulasi mwaka huohuo hujikuta akijifunza lugha na fasihi yake kwa mkupuo. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, fanya Fizikia 1, isiyohitaji zaidi ya aljebra na trigonometria. Binafsi naona alama 5 hapo ina heshima kuliko 2 ya Fizikia C. Kemia iache, isipokuwa kama unaisoma sasa na unaiweza.

Kifaransa hakitakudhuru, ila msomaji wa maombi yako akishaona kwamba ni lugha ya nyumbani, alama yake haitamwambia mengi kuhusu mhandisi mtarajiwa.

Kuhusu wingi, jibu langu ni hapana. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Yale kilitangaza kwamba mwombaji anaweza kuwasilisha AP au IB badala ya SAT au ACT, lakini anayechagua njia hiyo hutakiwa kutaja matokeo ya mitihani yote ya aina hiyo aliyokwisha kufanya. Mtihani wa nne ulioandaliwa nusunusu, basi, unaweza kusomwa pamoja na mitatu uliyoiandaa vizuri.

Ikiwa shule yako haitoi AP, anza mapema kutafuta shule inayopokea watahiniwa wa nje, kwa sababu usajili wa mitihani ya Mei kwa kawaida hufungwa Novemba iliyotangulia, na shule nyingine huacha kupokea majina kabla ya hapo.